Mpaka Getini kwa Miguu Yangu

"Siku mtakayoniona namsindikiza huyo mwanamume mpaka getini kwa miguu yangu mwenyewe, siku hiyo mjue nimekubali."

Ndivyo Mama alivyosema mbele ya Shangazi, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mikono karibu na dirisha, na Kitinda hakuhitaji kufafanuliwa. Tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, Mama hakuwa amemsindikiza mgeni yeyote, hata wanafunzi wake wa zamani waliokuja kumjulia hali. Daktari alishamwambia mfupa umeunga vizuri, ashike fimbo, atembee. Mama alimshukuru daktari, akarudi nyumbani, akakaa. Kila alipotaka kuinuka aliita, "Kitinda!" na Kitinda, mtoto wa mwisho na wa pekee aliyebaki nyumbani baada ya dada zake kuolewa, aliacha chochote alichoshika, akaja akamkamata mikono yote miwili, akamvuta.

Kwa hiyo sharti lile lilikuwa ni kukataa kwa maneno ya heshima. Kitinda alilia jikoni, akanawa uso, akarudi sebuleni akauliza kama aongeze sukari kwenye chai.

Na leo mwanamume mwenyewe alikuwa anakuja kujitambulisha. Kitinda alikuwa amefunga saluni mapema na kumwomba mteja arudi kesho na kichwa kilichosukwa nusu. Mteja aliposikia sababu alifunga kitambaa kichwani, akasema, "Nenda mwanangu, nenda. Nywele hazikimbii." Sasa Kitinda alikuwa anafuta meza ambayo alishaifuta, huku Shangazi akimwangalia kwa jicho la kumcheka.

"Utaitoboa hiyo meza," Shangazi alisema. "Hebu kaa. Huyo mwalimu wako si anafundisha watu kutulia?"

"Anafundisha watu kulala chini," Mama alidakia kutoka dirishani. "Mimi nimekuwa mwalimu mkuu mpaka nywele zikageuka rangi. Nimefundisha watoto wa watu kusoma, kuandika na kuhesabu. Leo naletewa mtu anafundisha watu wazima kupumua! Kwani kabla hajaja walikuwa wanafanyaje?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kitinda hakucheka, kwa sababu alimjua mtu huyo wa kulaza watu chini, na alijua alichomfanyia.

Kusuka nywele ni kazi ya kusimama, shingo imeinama, mikono juu. Ukichanganya na kumvuta Mama asubuhi, mchana na jioni, mwili wa Kitinda ulikuwa umefika pabaya. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi katikati ya msuko. Mgongo ulikuwa unamchoma mpaka anashindwa kugeuka kitandani. Mteja mmoja aliyemwonea huruma ndiye aliyempeleka kwenye ukumbi ule nyuma ya chuo cha ufundi, ambako mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini aliwaambia watu walale chali kwenye mikeka, kisha akauliza kisigino kipi ni kizito zaidi, cha kulia au cha kushoto. Kitinda alidhani ni mzaha. Akageuza kichwa kuona nani atacheka. Hakuna aliyecheka.

"Fanya nusu ya unavyoweza," sauti ilisema, walipoanza kugeuza vichwa taratibu huku na huku. "Halafu nusu ya hiyo nusu. Hatushindani na mtu. Sikiliza tu bega linafanya nini. Na sakafu ipo hapo, iachie ikubebe."

Iachie ikubebe. Kitinda hakukumbuka mara ya mwisho kubebwa na kitu chochote. Machozi yalimtoka, yakashuka pembeni, yakaingia masikioni. Alijaribu kuyaficha, lakini sauti ilikuwa imeshasogea karibu na mkeka wake, ikasema polepole ili wengine wasisikie, "Machozi yakiingia masikioni yanawasha. Geukia ubavu."

Hakusema pole, wala hakuuliza kuna nini. Kitinda aligeukia ubavu kweli, na pale pale mkekani, uso umeelekea ukutani, akampenda.

Watu walimwita Mwalimu Taratibu, na jina lilimkaa. Hakumgusa mwanafunzi hata mmoja. "Nikikugusa utaufuata mkono wangu," alikuwa anasema. "Mimi nataka uufuate mwili wako." Wengine walilalamika kwamba wametoa ada yao na mwalimu hata kuwanyoosha hawanyooshi. Kitinda hakulalamika. Vidole vyake vilirudi, mgongo ukapoa, akaanza kulala usingizi wa moja kwa moja, na kila alipofungua saluni asubuhi alikuwa anaitazama mikono yake kwa shukrani. Hata mapenzi Mwalimu aliyatamka taratibu vilevile: alianza jioni moja walipokuwa wanakunja mikeka, akakatizwa na mlinzi aliyetaka kufunga ukumbi, akamalizia wiki iliyofuata. Kitinda ile wiki nzima hakula vizuri.

Hodi ilipopigwa, Shangazi ndiye aliyewahi mlango. Mwalimu Taratibu aliingia, shati limenyooshwa, pakiti ya biskuti mkononi. Macho yake yalimtafuta Kitinda kwanza, yakamkuta, yakatulia kidogo, kisha yakaenda kwa wakubwa kama ilivyopaswa. Kile kidogo kilitosha kumfanya Kitinda aangalie vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, bwana."

Hakumwita Mwalimu. Kitinda alilisikia hilo, na Shangazi alilisikia, na mgeni naye bila shaka alilisikia, ila alishukuru tu na kukaa alipoonyeshwa.

"Nasikia unafundisha," Mama alisema.

"Nafundisha, Mama."

"Unafundisha nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Maana huyu binti yangu kila nikimuuliza ananiambia visigino."

Shangazi alikohoa kuficha kicheko. Mwalimu aliweka pakiti ya biskuti mezani. "Nafundisha watu kujua wanafanya nini na miili yao wakati wanafanya. Wengi tunainuka, tunakaa, tunabeba, bila kujisikia. Mtu anajua shati lake lina kitufe kimelegea, lakini hajui kwamba anabana meno tangu asubuhi."

Shangazi aliachanisha meno yake taratibu, akijifanya anafuta mdomo.

"Na hiyo ni kazi," Mama alisema.

"Ni kazi yangu, Mama."

"Wazazi wako wanasemaje?"

"Baba alitaka niwe mhasibu. Alikuja darasani mara moja ili aniambie niache. Akalala mkekani, akasinzia, akakoroma mpaka wanafunzi wakaondoka. Hajanisema tena."

Safari hii Shangazi hakujificha. Alicheka kwa sauti, akapiga paja, na hata mdomo wa Mama ulitaka kulegea upande mmoja kabla haujakumbuka msimamo wake. Kitinda alimtazama mwanamume wake kwa moyo uliojaa. Alitamani Mama amwone kama yeye anavyomwona, hata kwa dakika tu.

Lakini Mama aliweka kikombe mezani. "Nimefurahi umekuja, bwana. Umejitambulisha vizuri, una adabu. Binti yangu atakwambia sharti langu. Sasa mniwie radhi, nimechoka, naenda kulala kidogo." Akainua sauti, ingawa aliyeitwa alikuwa hatua chache tu kutoka pale. "Kitinda!"

Ndiyo kusema kikao kimekwisha. Kitinda aliinuka huku macho yanamchoma, akaenda mbele ya kiti, akamkamata Mama mikono yote miwili, akaegemea nyuma kama kawaida, akavuta. Mama akauma meno. Makalio yaliachana na kiti kidogo, yakarudi. Kitinda akavuta tena kwa nguvu zaidi, mgongo ule ule ukamkumbusha kwamba upo, na Mama akatoa sauti ya maumivu, akarudi kitini kwa kishindo.

"Samahani, Mama," Mwalimu alisema. Alikuwa bado amekaa. "Naomba kuuliza swali moja, kisha niondoke."

"Uliza," Mama alisema, akihema.

"Anapokuvuta, uzito wako unakwenda wapi?"

"Uzito wangu?"

"Ndiyo. Unakwenda mbele kwake au nyuma kwenye kiti?"

Mama alifungua mdomo ili amjibu jibu la kumkomesha, kisha akasita. Alikuwa mwalimu, swali zuri alilijua. Alifumba macho, akalitafuta jibu mahali ambapo hakuwahi kulitafuta. "Nyuma," alisema hatimaye. "Unakwenda nyuma. Huyu ananivuta kwa nguvu, naogopa atanitupa usoni. Kwa hiyo najishikilia."

"Mama!" Kitinda alisema. "Mimi navuta kwa nguvu kwa sababu unalemea nyuma!"

"Na mimi nalemea nyuma kwa sababu unavuta!"

Walitazamana, mama na mwana, mikono bado imeshikana. Siku zote zile! Kila asubuhi, kila mchana, kila jioni, walikuwa wanavutana kama watoto wanaogombania kamba, kila mmoja akidhani anamwokoa mwenzake.

"Wifi," Shangazi alisema, "nyinyi wawili mngekuwa punda na mkokoteni, mzigo usingefika sokoni."

Kitinda alicheka na kulia kwa pamoja. Mama hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya binti yake, mikono ya msusi, akaigeuza viganja juu, akaona jinsi ilivyokuwa inatetemeka kwa kule kuvuta.

"Unaumwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa naumwa. Sasa nimepona. Ndiye aliyeniponya, Mama. Yeye anakataa, anasema nimejiponya mwenyewe, lakini ndiye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ungeacha kuniita. Ungekaa tu."

Mama aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake hayakwenda kwa Kitinda wala kwa Shangazi. Yalikwenda moja kwa moja kwa mgeni, na alisema kitu ambacho hakuna mtu ndani ya nyumba ile alikuwa amewahi kukisikia kinywani mwake.

"Naogopa, bwana. Sikuchukii. Ukimchukua huyu, mimi nani atanivuta?"

Kumbe ndiyo hiyo! Kitinda alikuwa amelala na kuamka akidhani Mama anamdharau mwanamume wake kwa sababu ya mikeka na visigino, kumbe Mama alikuwa anakiogopa kiti. Alipiga magoti hapo hapo na kumkumbatia miguu.

"Siwezi kukuahidi nitakuvuta," Mwalimu alisema, na Shangazi akamtolea macho kwa jibu hilo. "Lakini ukiruhusu, tunaweza kujifunza kitu kimoja. Leo hatusimami. Nasema mapema, leo ni marufuku kusimama. Tunainama tu."

"Kuinama naweza."

"Najua. Sogea ukae ukingoni. Mikono weka mapajani. Miguu irudishe chini yako, visigino viwe nyuma ya magoti kidogo. Hapo. Dada Kitinda, wewe kaa pembeni, mikono yako iweke nyuma."

Kitinda alikaa kwenye kigoda, akaifunga mikono yake nyuma ya mgongo. Hakujua kama ilikuwa vigumu namna hiyo kutofanya kitu.

"Sasa, Mama, pua yako iende mbele, kama unataka kusoma kitu kilichoandikwa sakafuni mbele ya vidole vyako. Nusu tu ya unavyoweza. Halafu rudi."

Mama aliinama, akarudi.

"Tena. Nusu ya hiyo nusu. Usifanye kazi. Sikiliza tu nyayo. Uzito unafika kwenye nyayo saa ngapi?"

"Sisikii kitu."

"Sawa. Rudi. Pumzika. Pumua kama ulivyokuwa unapumua kabla sijazaliwa."

"Ah!" Mama alisema, na mdomo ule ulilegea upande mmoja kabisa. Akainama tena. Na tena. Mwalimu hakumsogelea. Alikaa mbele yake, mikono mapajani kama yeye, akiinama anapoinama, akirudi anaporudi, mpaka sebule nzima ikawa kimya isipokuwa kile kiti kilicholia kidogo kila mara. Shangazi naye, bila mtu kumwambia, alikuwa ameanza kuinama kwenye kochi lake.

"Mama wee," Mama alisema ghafla, akiwa ameinama. "Umefika. Nyayoni. Na huku nyuma kumekuwa kwepesi!"

"Usisimame," Mwalimu alisema. "Rudi. Inatosha kwa leo."

"Lakini kumekuwa kwepesi, nakwambia! Kiti hakinishiki!"

"Nimesikia, Mama, na nimefurahi mno. Inatosha. Mwili ukijifunza kitu kipya unahitaji kuachwa nacho." Aliinuka, akakusanya vikombe juu ya sinia kama mtu wa nyumbani, akamshukuru Mama kwa chai, akamshukuru Shangazi kwa kicheko. "Nashukuru mmenipokea. Naomba kwenda."

Hapo ndipo furaha ya Kitinda ilipoingia maji. Mgeni ameaga, na Mama yuko kitini. Sharti liko pale pale. Alimtazama Mama akitafuta neno lolote, hata "karibu tena" la kawaida, lakini Mama alikuwa anaitazama sakafu mbele ya vidole vyake.

"Haya, bwana," Mama alisema bila kuinua macho. "Kwaheri."

Kitinda alimtoa Mwalimu mpaka mlangoni. Mwalimu aliinama kuvaa viatu, na alipokuwa anafunga kamba alimwambia kwa sauti ya chini, "Usilie. Leo amekwambia anachoogopa. Mimi nimeondoka na zawadi kubwa."

"Sitaki zawadi. Nakutaka wewe."

Mwalimu aliinua uso. Macho yao yalikutana kwa karibu kuliko siku zote, na yeye asiyegusa mtu aliinua mkono, akausimamisha hewani karibu na shavu lake, hakujua aupeleke wapi. Kitinda alilisikia joto lake bila kuguswa.

Nyuma yao kiti kililia.

Kililia mara moja, kwa muda mrefu, kisha hakikulia tena. Kitinda aligeuka. Mama alikuwa amesimama mbele ya kiti chake, fimbo ile ya daktari mkononi, mdomo wazi, akiwatazama wote kama mtu aliyejikuta ameokota kitu. Hakuwa ameita. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mikono ya Kitinda ilikwenda yenyewe.

"Usimvute," Mwalimu alinong'ona.

Kitinda aliirudisha nyuma, akaishikanisha kwa nguvu mpaka viungo vikauma. Mama alipiga hatua. Fimbo, mguu, mguu. Alipita meza. Alipita mlango, akamwambia Mwalimu, "Nipishe, unaziba njia," akashuka kizingiti taratibu huku akisikiliza nyayo zake waziwazi, uso wake ukiwa makini kama wa mtoto anayesoma sentensi yake ya kwanza. Alipita ndoo za maji na kamba ya kuanikia nguo. Jirani aliyekuwa anafua aliacha nguo mikononi inachuruzika.

Walifika getini. Mama alishika chuma, akapumua kabla hajageuka.

"Ulinikataza kusimama," alisema.

"Nilikukataza, Mama."

"Unadhani sijui kwa nini? Nimekaa darasani maisha yangu yote. Mtoto mbishi humwambii fanya." Alimtazama toka juu mpaka chini, macho yamemlowa, sauti haijalowa. "Nakushukuru, Mwalimu."

Mwalimu! Kitinda alilisikia neno hilo. Mwanamume yule wa maneno taratibu aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Na wewe mwanangu, njoo." Mama alimshika kidevu. "Asante kwa kunivuta. Ulikosea, na mimi nilikosea, lakini hukuchoka kuja nilipokuita. Sitasahau. Mimi nimesema neno, na neno langu nimelifikisha mpaka hapa kwa miguu yangu. Shangazi yako shahidi."

"Shahidi!" Shangazi alipaza sauti kutoka mlangoni, akilia na kupiga makofi.

"Ila sasa nimechoka," Mama alisema. "Kuja nimekuja mwenyewe. Kurudi mtanirudisha nyie. Mmoja huku, mmoja huku. Msinivute."

Wakasimama kila mmoja upande wake. Kila mmoja alipitisha mkono nyuma ya mgongo wa Mama, si kuvuta, kumlinda tu, na huko nyuma, mahali ambapo hakuna aliyeona, vidole vya msusi vilikutana na vidole vya mwalimu asiyemgusa mtu. Havikuachana. Walikwenda hivyo hatua kwa hatua, wakapita kamba ya nguo, wakapita ndoo, Kitinda akitazama mbele kwa uso wa utulivu ambao haukumdanganya hata jirani.

"Polepole," Mama alisema bila kugeuka. "Na hiyo mikono yenu huko nyuma naisikia. Si nyinyi mlionifundisha kusikiliza mwili?"